Lisbon: hoteli ya Mouraria naipa heko, fleti ya Alfama siirudii

Nianze na hukumu yangu, kwa sababu najua wengi mnasoma haya simuni huku mkitafuta pa kulala. Ukienda Lisbon, mji mkuu wa Ureno, lala hoteli. Tafuta hoteli ndogo yenye mtu mapokezini usiku na mchana, na uiepuke fleti ya kufunguliwa kwa namba za siri ndani ya mitaa ya zamani, hata ikiwa picha zake zinavutia na bei yake inaonekana kuwa chini. Nimelala kote kuwili katika safari moja, Oktoba 2024, na hii ndiyo kazi yangu: mimi na kaka yangu tunaendesha nyumba ya wageni ya familia huku Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, tuliyoachiwa na marehemu baba. Naijua shuka iliyofuliwa kwa haraka, na naijua sakafu iliyopigwa deki katikati tu, pembeni ikaachwa.

Jina la hoteli nalihifadhi. Mhudumu aliyenieleza maisha yake hakunieleza ili nimtangaze, na hoteli ndogo ukishaitaja, watu wake wanajulikana. Ila hoteli za aina hii Mouraria ziko kadhaa, na nitayaeleza mambo ya kuangalia.

Mouraria uko chini ya ngome ya São Jorge, karibu na uwanja wa Martim Moniz, ambako tramu namba 28 inaanzia. Mwaka 1147, mfalme Afonso Henriques alipouteka mji kutoka mikononi mwa Waislamu, waliobaki waliwekwa mtaa huu, nje ya ukuta. Leo ukishuka Rua do Benformoso unakuta maduka ya Wabangladeshi, nyama ya halali inaning'inia dirishani, biriani, simu za kutengeneza, vinyozi, na salamu ya "asalaam alaykum" kila hatua. Kwa sisi wa Mombasa hili ni jambo kubwa. Sikuwa na shida ya chakula hata siku moja. Na kwenye mikahawa ya kawaida utaona sambusa kwenye kabati la vioo pamoja na keki, maana Wareno walizileta kutoka Goa na Msumbiji wakazizoea. Uliza tu ndani yake mna nyama gani.

Sasa chumba. Nikiingia chumba cha mtu ninacholipia, kwanza navua viatu nitembee peku. Vumbi na mchanga havimfichi mtu aliye peku. Pili navuta kona ya shuka nione godoro. Tatu nanusa mto, si foronya. Nne nachungulia nyuma ya ubao wa kichwani mwa kitanda, pale ambapo mtu mwenye vyumba vingi na muda mchache hapafiki. Hoteli hii ilishinda yote manne. Mashuka ya pamba tupu, yamepigwa pasi, kona zimekunjwa na mkono uliofundishwa. Taulo zilikuwa kavu kikweli, na mtu wa pwani ataelewa kwa nini nalitaja hilo: huku kwetu, chumvi na unyevu wa kusi hukufanya uanike taulo mara mbili na bado inanuka. Bafuni, mistari baina ya vigae ilikuwa myeupe mpaka nyuma ya bomba. Na mlikuwa na bide! Ureno ni kawaida kukuta bide bafuni, na Mwislamu aliyewahi kuhangaika na chupa ya maji katika hoteli za Ulaya atafurahi kama nilivyofurahi mimi.

Lakini lililonigusa zaidi ni hili. Siku ya kwanza nilikunja mswala nikauweka juu ya kiti. Niliporudi jioni, kitanda kilikuwa kimetandikwa, mswala uko vile vile juu ya kiti, haukuguswa, ila meza ndogo iliyokuwa katikati ya chumba imesogezwa ukutani. Nafasi ya kuswali ilikuwa imefunguliwa. Hakuna aliyeomba. Mhudumu aliona, akafikiri, akasogeza meza, na kila siku iliyofuata aliirudisha pale pale ukutani baada ya kufagia. Mimi hutumia muda mrefu kuwafundisha vijana wangu kitu hicho hicho: chumba kinakwambia mgeni anataka nini, wewe kisome.

Nilimtafuta nimshukuru, mtoto wa dada yangu akitutafsiria. Ni mama wa makamo kutoka Cape Verde, na kazi ya vyumba ameifanya miaka mingi. Zamani alikuwa akiishi Mouraria humu humu, anakuja kazini kwa miguu. Jengo alilopanga likauzwa, wapangaji wakatolewa mmoja mmoja, na sasa fleti zote ni za wageni. Yeye amehamia Amadora, anapanda treni ya alfajiri ya njia ya Sintra mpaka Rossio, kisha anapanda kilima. Alisema bila kulalamika, huku anakunja taulo. Mimi ndiye niliyeumia, kwa sababu nilijua kwamba ule ujuzi wa kusogeza meza unasafiri kila siku kutoka mbali kuja kuhudumia mtaa uliomtoa mwenyewe.

Mtoto wa dada yangu naye anafanya kazi ya vyumba, hoteli nyingine. Vyumba kumi na vinne kwa zamu moja, na wageni wakiondoka wengi siku moja anaongezewa. Mshahara wa chini wa Ureno mwaka ule ulikuwa yuro 820 kwa mwezi. Kodi ya nyumba ndani ya Lisbon haigusiki kwa pesa hiyo, kwa hiyo anaishi Almada, ng'ambo ya mto Tagus, chumba kimoja na wenzake, ndiyo maana hakuweza kunilaza kwake. "Khala, mimi nakaa Likoni ya huku," aliniambia, na kweli: kama kwenye feri ya Likoni kwetu, kila asubuhi watu wanasongamana kwenye boti ya Cacilhas kuja kuwasafishia watu upande wa pili. Afadhali tu kwamba kadi ya usafiri ya mwezi ni yuro 40 na inakubaliwa kwenye boti, treni, basi na metro kwa mji mzima na viunga vyake. Kabla ya 2019 walilipa zaidi ya hapo.

Kiamsha kinywa cha hoteli kilikuwa cha kutosha, si cha fahari: mayai, jibini, mkate mzuri sana, jodari, machungwa. Vyenye nyama ya nguruwe walivitenga na kuviandikia. Kasoro zilikuwa mbili. Hakukuwa na birika la kuchemshia maji chumbani, na mtu wa chai ya usiku anapata tabu. Ya pili ni dirisha la barabarani. Mitaa ile imetandazwa mawe madogo madogo, na kuanzia alfajiri unasikia magurudumu ya mabegi yanakwaruza mawe, begi baada ya begi, watu wanakimbilia uwanja wa ndege. Niliwaomba, wakanihamisha chumba cha nyuma siku hiyo hiyo bila maneno. Uwanja wenyewe, Humberto Delgado, umezungukwa na mji, una njia moja ya kurukia, na ndege zinapita juu ya mapaa chini kabisa. Mwaka 2023 ulipitisha abiria zaidi ya milioni 33. Mei 2024 serikali iliamua kujenga mwingine Alcochete, ng'ambo ya mto.

Wikendi moja hoteli ilijaa, ndipo tukachukua fleti ya Alfama, mtaa mwingine wa zamani. Hapa sitaongeza chumvi, nitasema nilichokiona.

Tulifika jioni, mvua inanyesha. Kwenye chuma cha mlangoni vilining'inia visanduku vya funguo, kimoja kando ya kingine, kila kimoja na namba zake. Chetu hakikufunguka. Tulipiga simu tuliyopewa, ikaita mpaka ikakata. Tukaandika ujumbe, tukajibiwa na mashine kwamba ombi letu limepokelewa. Mwenye nyumba hatukumjua ni nani wala yuko nchi gani. Aliyetusaidia ni bibi mzee wa dirisha la chini, aliyefungua, akatutazama tulivyolowa, akatoka na ndara zake, akakibonyeza kile kisanduku kwa kidole gumba huku akizungusha namba. Ni wazi hakuwa anafanya hivyo kwa mara ya kwanza. Mtoto wa dada yangu alimuuliza kama analipwa kwa kazi hiyo. Bibi alicheka tu, akasema ngazi nzima amebaki yeye peke yake anayeishi pale. Taa ya ngazini ikiungua hajui amwambie nani.

Ndani: mashuka ya polista, yana unyevunyevu. Nyuma ya kabati ukuta umeota ukungu, umepakwa rangi juu yake. Kwenye kichujio cha bafu nywele za waliotutangulia. Na juu ya bei ya usiku tulitozwa yuro 45 za usafi. Mimi nalipa watu wa usafi, najua yuro 45 zinaweza kununua saa ngapi za kazi na sabuni kiasi gani, na nasema pale hazikutumika. Asubuhi saa nne kamili tuwe tumetoka, taka tumezishusha wenyewe, vyombo tumeosha. Hakuna uso hata mmoja wa mhudumu tuliouona kuanzia kuingia mpaka kutoka, isipokuwa wa bibi ambaye si mhudumu.

Ukijumlisha, fleti ilitutoka zaidi ya hoteli. Hoteli nililipa yuro 112 kwa usiku pamoja na kiamsha kinywa. Fleti ilitangazwa kwa 84, ikaongezwa usafi, ikaongezwa ada ya tovuti, na chai tukanywa kwa pesa zetu.

Kwa nini mji wenye hoteli nzuri hivi umejaa fleti za namna ile? Mambo haya hayakushuka kutoka mbinguni, na mtu wa Mombasa anafaa ayajue. Mwaka 2011 Ureno ilikuwa imekwama kwa madeni, ikakopeshwa yuro bilioni 78 na Umoja wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa kwa masharti. Mwaka uliofuata sheria ya upangaji ililegezwa, wapangaji wa zamani wakawa rahisi kutolewa. Mwaka huo huo mgeni aliyenunua nyumba ya yuro 500,000 alianza kupewa kibali cha kuishi. Mwaka 2014 ikaja sheria ya kuruhusu nyumba za kupangisha wageni kwa kujiandikisha tu. easyJet na Ryanair, mashirika ya ndege za bei nafuu, zikafungua vituo Lisbon. Na wakati huo watalii walikuwa wakiogopa kwenda Misri, Tunisia na Uturuki, wakitafuta jua mahali salama.

Hapo mtu wa hapa hana budi kukumbuka. Mei 2014 watalii wa Uingereza walipakiwa ndege kutoka Mombasa kabla likizo zao hazijaisha, kwa sababu ya onyo la usalama la serikali yao. Hoteli za kaskazini zilifunga milango, vibarua wakarudishwa nyumbani, na sisi Kibokoni tulikaa na vitanda vitupu msimu mzima. Ilikuwa miaka ile ile Lisbon ilipoanza kufurika. Jua walilolikimbia kwetu walikwenda kulitafuta kwingine, na Ureno ilikuwa miongoni mwa waliowapokea. Mwaka 2023 Ureno nzima ilipokea wageni milioni 30 kwenye malazi yake, na 2024 wakavuka milioni 31. Nchi yenye watu kama milioni 10 na nusu!

Mji umejaribu kujikinga. Mwaka 2018 ulisimamisha vibali vipya vya fleti za wageni Alfama, Mouraria, mtaa wa ngomeni na Bairro Alto. Mwaka 2023 serikali ikasimamisha vibali vipya karibu nchi nzima mijini, na kibali cha kuishi kwa kununua nyumba kikafutwa. Serikali iliyofuata, 2024, ikaondoa sehemu kubwa ya masharti hayo na kuwaachia mabaraza ya miji yaamue yenyewe. Kwa maoni yangu walichelewa tangu mwanzo. Vibali vipya vilisimamishwa 2018 Alfama ikiwa tayari imeshajaa, na kusimamisha vipya hakumrudishi mpangaji aliyekwisha hama. Barcelona, iliyojaa kama Lisbon, imetangaza kwamba ifikapo Novemba 2028 haitahuisha kibali hata kimoja cha fleti za watalii.

Jambo moja Lisbon walilifanya vizuri ni kodi ya usiku. Mwaka 2016 ilianza kwa yuro 1 kwa mtu, 2019 ikawa 2, na Septemba 2024 ikapanda kuwa 4, zaidi ya shilingi 500 zetu. Unalipa usiku 7 tu, hata ukikaa zaidi, na watoto wadogo hawalipi. Kwenye risiti ya hoteli imeandikwa mstari wake peke yake, mtu anaiona. Na pesa zinaingia hazina ya mji wenyewe. Sisi wenye malazi Kenya tunakatwa ushuru wa utalii wa asilimia 2 unaokwenda kwenye mfuko wa taifa. Nautoa kila mwezi na sinung'uniki, lakini mfereji wa maji machafu mbele ya nyumba yangu ni wa Mombasa, na taka za Ndia Kuu ni za Mombasa. Natamani sana sehemu ya pesa hiyo ibaki hapa, mgeni aione imefanya kazi mtaani alikolala.

Nayasema haya kwa sababu dalili ziko. Nyali na Bamburi fleti za kulala wageni zimekuwa nyingi, hasa tangu reli mpya ya 2017 ianze kuleta watu wa Nairobi wikendi, na wasichana wanaosafisha fleti zile hawana zamu inayojulikana wala malipo yanayojulikana. Wanaitwa kwa simu. Sasa madalali wamefika Kibokoni. Mwaka jana mmoja alikaa barazani kwetu akatuambia tumwachie nyumba nzima, ya juu na ya chini, yeye ataweka makufuli ya namba na sisi tutapokea pesa kila mwezi bila kuonana na mgeni. Chini kwetu anaishi mpangaji, fundi wa kushona, na wanawe wanasoma madrasa ya mtaani. Dalali alisema huyo atapewa notisi ya mwezi mmoja, neno dogo tu.

Kaka yangu alikuwa ameanza kulifikiria, na simlaumu, paa letu linahitaji mbao mpya na mbao za mkoko si rahisi siku hizi. Niliporudi nilimwonyesha picha ya vile visanduku vya Alfama. Nikamweleza habari ya bibi na taa ya ngazi. Tumekubaliana fundi abaki, na paa tutalitengeneza upande mmoja mmoja. Wageni wetu hawaji Kibokoni kutafuta kitanda, vitanda viko Nyali na bahari juu yake. Wanakuja waamke kwa adhana, wanunue mahamri kwa mama wa pembeni, wamwone fundi amekunja miguu mbele ya cherehani. Lamu kule Shela nyumba ngapi zimekwisha nunuliwa na watu wa nje, na wenyeji wakasogea nyuma?

Kwa mwenye kusafiri, haya ndiyo ya kushika. Viza ya Schengen ni yuro 90 na hazirudi ukinyimwa, kwa hiyo peleka karatasi kamili. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Mombasa. Mimi nilipitia Istanbul. Oktoba ni mwezi mzuri, joto limepungua na bei za kiangazi zimeshuka kidogo, ila beba koti la mvua na viatu vyenye soli ya kushika, mawe yale yakilowa yanateleza vibaya. Tramu 28 ipande asubuhi mapema kabla ya foleni. Belém, mtaa wa magharibi mwa mji, nenda siku ya kazi; kaburi la Vasco da Gama liko ndani ya kanisa la Jerónimos, na mtu aliyekulia kivulini mwa Fort Jesus, ngome ya Wareno huku Mombasa, atasimama pale na mawazo yake. Boti ya Cacilhas ipande jioni, uuone mji ukiwa upande wa pili.

Hoteli, unapoandika kuomba chumba, uliza mambo matatu: kama mapokezi yana mtu usiku kucha, kama wahudumu wa vyumba ni waajiriwa wa hoteli yenyewe au wa kampuni ya nje, na kama kuna chumba kinachotazama nyuma. Wakikujibu la pili bila kuzunguka, chukua chumba. Na mhudumu wako muachie chochote, mkononi mwake, siyo juu ya meza.